Kwa nini barabara ikijengwa upya inapanda juu, nyumba zetu zinabaki shimoni?

Temboni Asilia (#1)
Wakuu, habari za jioni.

Nimekulia Kimara, Dar es Salaam, kushoto ukitoka mjini. Nyumba ya wazazi ipo mpaka leo kwa sababu imeingia ndani kidogo. Utotoni tulikuwa tunatoka uwanjani tunakanyaga Morogoro Road moja kwa moja, ile ya njia mbili, moja kwenda moja kurudi. Hakuna kupanda wala kushuka. Unateremka kwenye daladala, unatembea sawasawa hadi kwa muuza mkaa.

Leo nikisimama mlangoni kwenye duka la mzee, matairi ya mabasi yako usawa wa kifua changu. Ili nifike kituoni napanda ngazi ya viroba vya mchanga waliyoipanga vijana wa bodaboda, na kila mvua kubwa ikipita inapangwa upya.

Swali: barabara ndiyo inayopanda au sisi ndio tunaozama? Na kama inapanda, kwa nini kila ikijengwa upya? Mliokulia kando ya barabara kuu yoyote, leteni mlichokiona.

kokoto_laini (#2)
Lami juu ya lami. Wanakwangua kidogo, wanamwaga nyingine. Piga hesabu ya miaka arobaini. Uzi ufungwe.

Mzee wa Ikarus (#3)
Haufungwi kijana, kaa chini. Tabaka la lami ni sentimita tano, tufanye kumi kwa barabara nzito. Ili ifike kifua cha mtu mzima ingebidi wamwage zaidi ya mara kumi bila kukwangua hata chembe. Nani kaona hilo?

Mimi barabara hiyo naijua tangu enzi za mabasi ya Ikarus ya UDA, shirika la usafiri la Dar, yale marefu yenye mpira katikati. Ukishapita Ubungo ni mikorosho na giza. Magari yalikuwa machache kiasi kwamba watoto tulikuwa tunakaa kwenye ukingo tunabishana litakalofuata litatoka Iringa au Mbeya. Malori ya Zambia tuliyajua kwa mlio.

Simba wa Yuda Mbezi (#4)
Mzee shikamoo. Hiyo barabara si walijenga Wachina wakati wa Nyerere? Vitu vya Mchina wa zamani vilikuwa imara.

Mzee wa Ikarus (#5)
Marahaba. Mchina alijenga reli, TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kazi ilianza 1970 na reli ikaungana 1975. Barabara kuu ya kwenda Zambia ni habari nyingine, na kule mfadhili mkubwa alikuwa Mmarekani. Ian Smith, kiongozi wa Wazungu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alipojitangazia uhuru wake mwaka 1965, Zambia ikawa haina pa kupitishia mafuta. Malori yakawa yanapeleka mapipa kwa barabara ya vumbi na tope, madereva wa Kizungu wakaipachika jina la mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likaja 1968 likapunguza shida, na barabara ikawekwa lami hadi Tunduma. Msichanganye.

Mshika Stafu (#6)
Nimefanya kazi na wapimaji miaka kadhaa, kazi yangu kushika stafu, ile fimbo yenye namba, mpimaji anachungulia kwenye darubini. #1 swali lako zuri, na #2 jibu lako lina chembe tu ya ukweli.

Barabara ya zamani ilifuata ardhi ilivyo. Kilima unapanda, bonde unashuka. Gari la tani saba lilimudu. Sasa una semi la tani hamsini na kitu, na unataka lori na basi vipite bila kukwama mlimani. Kwa hiyo mchoraji anapiga mstari ulionyooka zaidi: kilima anakikata, bonde analijaza. Aliyejenga bondeni ataona barabara imepanda. Aliyejenga kilimani ataona imeshuka. Wote wawili wanasema kweli.

La pili ni maji. Chini ya barabara lazima kalavati zipite, yaani njia za kupitishia maji. Bomba la kalavati kipenyo chake sentimita tisini, juu yake kuna kifusi cha kulifunika, halafu ndiyo matabaka ya barabara yenyewe. Hapo bila hata kutaka umeshapita mita moja na nusu kutoka chini ya mfereji. Uwanja wako ukiwa karibu na usawa wa mfereji, imekula kwako.

Vile vigingi vya mbao vyenye kichwa chekundu mlivyokuwa mnang'oa mkapikie chai, ndivyo vilivyokuwa vimeandikwa majibu yote. Ukiona mshale unaangalia juu na namba, hapo kifusi kinakuja.

Mwana Kibamba (#7)
Namuunga mkono #6. Sisi tumeachwa juu. Walipopanua ile Kimara hadi Kibaha walikata kilima mbele yetu, sasa nyumba imekaa kwenye genge. Kutoka barazani unaona paa za malori. Mama alikuwa na mgomba pembeni ya njia, siku moja akaukuta umebaki na mizizi inaning'inia. Gari haliingii kwetu tena, ukinunua godoro unalibeba kichwani kwa kuzunguka nyuma.

kokoto_laini (#8)
Bora nyie mnaoona paa. Sisi bondeni tunaona eksozi.

Hesabu za Ndani (#9)
Mnazungumza kitaalamu sana, hamtaki kusema pesa. Mkandarasi analipwa kwa mita za ujazo. Kifusi kikipanda na malipo yanapanda. Nani atashusha barabara wakati kuipandisha kuna hela? Mimi nilikaa karibu na machimbo ya kifusi mradi mmoja ambao sitautaja, malori yalikuwa yanapishana usiku kucha. Mmiliki wa shamba lile alioa mke wa pili.

Mshika Stafu (#10)
#9 mkandarasi hapangi kimo. Michoro inatoka kwa mhandisi mshauri kabla zabuni haijatangazwa, na kila tabaka linapimwa kabla la juu yake halijamwagwa. Wizi ukitokea huwa unakwenda upande wa pili: tabaka linakuwa jembamba kuliko lilivyochorwa. Barabara ya wizi ingekuwa chini, si juu.

Hongera kwa mwenye shamba.

Hesabu za Ndani (#11)
Na mhandisi mshauri analipwa na nani? Naishia hapo.

Dereva wa Tunduma (#12)
Ngoja niwape ya barabarani. Barabara ya Morogoro haizeeki kwa miaka, inazeeka kwa ekseli. Lori likizidisha mzigo kidogo tu, madhara kwa lami yanapanda kuliko mzigo wenyewe ulivyopanda, wahandisi wanalijua hilo. Angalieni kipande cha Mlandizi hadi Chalinze kilivyokuwa miaka ile: matairi yamechimba mifereji miwili, lami imefumuka pembeni kama unga uliokandwa. Ukiwa na gari dogo tumbo linakwaruza. Mvua ikinyesha maji yanakaa humo, ukipita kwa kasi gari linaelea.

Mnakumbuka Oktoba 2013? Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi alifuta ile nafuu ya kuzidisha uzito kwa asilimia tano kwenye mizani. Malori yaligoma, foleni pale Kibaha haikuwa ya dunia hii. Waziri Mkuu Pinda akairudisha nafuu. Tulishangilia. Ila tukiwa wenyewe kwa wenyewe kijiweni tulikuwa tunakubali kwamba jamaa alikuwa na hoja.

Sasa uhusiano na #1: tabaka za chini zikishakufa, kukwangua lami hakusaidii. Wanachofanya mara nyingi ni kuifanya barabara ya zamani yote iwe msingi, wanashindilia, wanaanza kujenga juu yake upya. Yaani barabara yako ya utotoni haikuondolewa, iko palepale chini ya ile mpya. Ndiyo maana inapanda.

Simba wa Yuda Mbezi (#13)
Hiyo ya #12 imeniingia kuliko zote.

Mama Wawili wa Suka (#14)
Mnazungumzia vimo, wengine tulipoteza nyumba. 2017 tulipigwa X, alama ya kubomolewa. Nilitoka kazini nikakuta geti jeupe lina alama nyekundu, rangi bado inachuruzika. Hati tulikuwa nayo, kodi ya ardhi tulikuwa tunalipa. Mtoto wangu wa pili alidhani ni mtu kachora mchezo, akaichukulia sabuni akaanza kusugua.

Siku ya siku tulitoa mabati wenyewe ili tusipoteze vyote. Milango na madirisha viliuzwa pale pale, mnunuzi anakuja na guta anakupangia bei yeye.

Wakili wa Kijiweni (#15)
Pole mama. Kwa faida ya vijana: X nyekundu ilimaanisha uko ndani ya hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili yake, hakuna fidia. X ya kijani ilimaanisha hifadhi ndiyo imekufuata, una haki ya fidia. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 kila upande hadi 30. Wa ile mita saba na nusu katikati ndio wa kijani.

Mwana Kibamba (#16)
#15 hiyo ni sheria ya barabara za wengine. Huku kwetu Kimara hadi Kiluvya ilitajwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati, kwa tangazo la zamani. Ndiyo maana nyumba zilizoonekana ziko ndani kabisa nazo zilikwenda.

Wakili wa Kijiweni (#17)
Najua habari ya 121.5, nimeeleza kanuni ya jumla. Kesi zilikwenda mahakamani, zina mlolongo wake, tusizimalizie hapa.

Mzee wa Ikarus (#18)
Tusisahau serikali nayo ilijipiga X. Novemba ya mwaka ule ule 2017 Rais Magufuli alisimama Ubungo akaagiza jengo la TANESCO, shirika la umeme, na la Wizara ya Maji yaliyoingia kwenye hifadhi yabomolewe. Nilikwenda kushuhudia. Watu walikuwa wengi, wauza maji na karanga walifanya biashara. Pale pale leo ndipo ilipo barabara ya juu ya Kijazi, ngazi tatu, iliyofunguliwa Februari 2021.

Dada wa Mabibo (#19)
Nina nadharia yangu, msinicheke. Barabara haijapanda sana kama mnavyodhani. Nyumba zenu zimeshuka kwa FAGIO.

Mama zetu wanafagia uwanja kila asubuhi kwa fagio la chelewa. Kila siku vumbi kidogo linakwenda jalalani. Weka na mvua inayoteremsha mchanga. Miaka thelathini! Nendeni nyumba yoyote ya zamani mkaangalie msingi. Mawe ambayo fundi aliyazika chini sasa yanaonekana, na baraza iliyokuwa ya kukanyaga hatua moja sasa imeongezwa jiwe la kupandia.

kokoto_laini (#20)
😂😂😂 Uzi umepata mwenyewe. Kwa hiyo tuache kufagia?

Mshika Stafu (#21)
Msimcheke. Nimekuta viwanja vilivyoshuka sentimita thelathini, arobaini kutoka usawa wa msingi. Udongo wa Kimara ni mchanga mwekundu, unakwenda na maji vizuri sana. #1 hebu kaangalie msingi wa nyumba ya mzee utuambie.

Jirani wa Githurai (#22)
Niaje majirani. Mimi niko Nairobi, nasoma tu nikicheka. Hapa Thika Road ilianza kuchimbwa 2009, Kibaki akaifungua Novemba 2012. Tulikula vumbi miaka mitatu. Ukitoka Githurai asubuhi na viatu vyeusi unafika tao, yaani mjini, na viatu vya kahawia. Mpangilio wa njia ulikuwa unabadilishwa usiku, asubuhi hata makanga, kondakta wa matatu, hajui gari litapitia wapi.

Shida yetu haikuwa kimo, ilikuwa kuvuka. Barabara ikawa pana, magari yakaongeza kasi, na madaraja ya miguu yakaja nyuma. Watu walikuwa wanashikana mikono kama wako kwa mto wakivuka. Hiyo ilituuma kuliko vumbi.

Nyinyi mnalia imepanda kifuani, sisi Mombasa Road tumewekewa nyingine, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake juu kabisa hewani, na ukitaka kuipanda unalipa.

Simba wa Yuda Mbezi (#23)
Karibu jirani. Mpaka barabara mnashindana nazo.

Mwana wa Somanga (#24)
Kaskazini na Dar mnadeka. Sisi wa kusini barabara ilikuwa hadithi. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, tukasema tumeokoka. Kumbe zimebaki kilomita sitini, Ndundu hadi Somanga. Kipande hicho kilitusomesha. Basi la Mtwara likinasa, abiria wanashuka, wanaume wanasukuma, kina mama wanakata matawi ya kuweka chini ya matairi. Tulioishi pale tulifanya biashara: samaki wa kukaanga, mihogo, na kusukuma kwa malipo. Nisiwadanganye, lami ilipokamilika kuna watu walinuna.

Halafu nije kwenye mada. Barabara ikipandishwa inakuwa tuta. Maji ya bara yanayokwenda baharini yanafika pale yanasimama, yanatafuta kalavati. Kalavati ikizidiwa, yanakusanyika upande mmoja mpaka yanapasua. Mei 2024 baada ya mvua zile ndefu na kimbunga Hidaya, barabara ilikatwa maeneo ya Somanga, Lindi na Mtwara zikawa kisiwa. Nilisimama ukingoni. Lami ilikuwa imebaki inaning'inia, unaona matabaka yote ubavuni: nyeusi juu, kokoto nyeupe, kifusi chekundu, halafu mchanga wetu wa siku zote. Kwa hiyo #6 unaposema wanapandisha kuyakwepa maji, waulize pia maji yatakwenda wapi.

Hesabu za Ndani (#25)
Hili ndilo neno. Na kama kweli wanapandisha kwa sababu ya maji, mbona Jangwani walipitisha mabasi ya mwendokasi chini vile? Mabasi yalianza Mei 2016, miaka miwili mbele karakana imejaa maji, mabasi yamezama.

Mshika Stafu (#26)
#25 kwa sababu Jangwani ni njia ya mto Msimbazi, si bonde la kawaida. Ukijaza tuta pale, Magomeni na Kigogo wanaogelea. Pale dawa ni daraja refu, na ndilo lililowekwa kwenye mradi wa Bonde la Msimbazi. #24 hoja yako nzito. Kalavati zinachorwa kwa kukadiria mvua, na mvua za sasa hazisomi makadirio.

Mzee wa Ikarus (#27)
Nakumbuka mapipa ya lami. Yakimalizika wajenzi wanayaacha, watu wanayapasua, wanayanyoosha kwa nyundo, yanakuwa uzio au mlango wa choo. Na lami iliyomwagika tulikuwa tunaichukua kwa kijiti tunaziba ndoo iliyotoboka. Maji yalikuwa na ladha ya barabara wiki nzima.

Dada wa Mabibo (#28)
Mzee 😂 nasi tuliziba beseni hivyo hivyo. Mama akiweka jua kali linatoboka tena.

Mtoto wa Tegeta (#29)
Kwetu Bagamoyo Road, Mwenge hadi Tegeta walijenga Wajapani. Waliweka mitaro mikubwa ya zege, nasi tukaifanya jalala. Maji yakija yanarudi kwetu, tunalaumu barabara imepanda. Naomba hii nayo iingie kwenye sababu. Na kile kipande cha Morocco hadi Mwenge, kumbukeni kilipanuliwa kwa kuanzia na bilioni nne za sherehe ya Uhuru ya Desemba 2015 iliyofutwa. Gwaride letu lilimwagwa lami.

Temboni Asilia (#30)
Wakuu nimerudi. Jumapili nilikwenda nyumbani, nikachukua futi nikazunguka nyumba. Mzee alidhani nataka kuuza.

Nyuma, upande wa jikoni ambako mama anafagia: msingi umechomoza kozi mbili za tofali, na chini yake mawe yanaonekana. Dada wa Mabibo umepata. Mbele, upande wa barabara: msingi hauonekani kabisa, kifusi kimeteremka na mvua kimefunika mpaka karibu na kizingiti. Yaani nyuma tunazama, mbele tunazikwa. Mzee mwenyewe ana sababu yake: anasema barabara ilianza kupanda siku walipohamisha kituo cha basi, kwa sababu kabla ya hapo watu walikuwa wanaikanyaga ikishuka.

kokoto_laini (#31)
Mzee apewe kiti cha mbele kwenye huu uzi.

Mshika Stafu (#32)
Ili kujua hasa nani kashuka na nani kapanda unahitaji alama isiyohama. Kulikuwa na nguzo fupi za zege za wapimaji kando ya barabara, zina kipande cha chuma juu. Kuna moja maeneo yenu, nilishawahi kusimamisha stafu juu yake. Ipo?

Temboni Asilia (#33)
Ile tuliyokuwa tunakalia kucheza karata? Iko chini ya njia ya nne ukihesabu kutoka kwetu.

Shamba Boy Mlandizi (#34)
Jamani nimesoma mwanzo mwisho, asanteni. Nina swali la kwangu. Nina kiwanja Mlandizi, hakigusi hifadhi, nimeshapima. Maneno ya ile barabara ya kulipia ya Kibaha, Chalinze hadi Morogoro tunayasikia kila mwaka. Nataka kuanza fremu mbili za duka. Msingi niuinue kiasi gani?

Dereva wa Tunduma (#35)
Futi nne, usiogope gharama. Weka na ngazi ya zege kabisa.

Mwana Kibamba (#36)
Kiwanja kiko bondeni au mlimani? Wakikata, na hizo futi nne zako wateja watahitaji winchi.